Chuo ni 1, hajasoma ni 2

Watu huniletea data zao nizitazame. Wengi ni wanafunzi wa shahada ya uzamili ambao tarehe ya kukabidhi tasnifu imeshawafika shingoni; wengine ni miradi midogo ya kilimo na afya iliyojaza madodoso vijijini kisha ikakwama kwenye uchambuzi. Wakija huwa wameshaendesha modeli ya takwimu, jedwali lipo, nyota za kuonyesha matokeo yenye uzito wa kitakwimu zimejaa, ila kuna kitu hakiingii akilini. "Dada, mbona kwangu elimu inapunguza kipato?" Siku hizi siianzi kesi hiyo kwenye modeli. Naomba kwanza nione safu ya elimu ilivyokuwa kabla haijageuzwa namba, halafu nione ilivyo sasa.

Mara nyingi ugonjwa huonekana hapo hapo. Safu ilikuwa na maneno manne: Hajasoma, Msingi, Sekondari, Chuo. Mwenye data akatumia encode, amri ya programu ya takwimu ya Stata inayogeuza maneno kuwa namba, au akaifanya fakta (safu ya makundi) ndani ya R, programu nyingine ya takwimu, kisha akaita as.numeric ili apate namba. Programu ikatii: ikayapanga maneno kwa alfabeti na kuyapa namba kuanzia 1. Chuo ikawa 1, Hajasoma 2, Msingi 3, Sekondari 4. Mhitimu wa chuo amewekwa chini ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasani, na modeli ikakokotoa kwa uaminifu kabisa juu ya ngazi hiyo ya ajabu.

Kompyuta haijui kwamba Msingi hutangulia Sekondari. Inachojua ni kwamba M hutangulia S, na hapo ikapatia kwa bahati. Usipoisemea wewe mpangilio, itajisemea yenyewe, na haitakuambia imefanya hivyo.

Majibu yetu ya Kiswahili yana mitego yake. Katika Ndiyo na Hapana, Hapana hutangulia kialfabeti, hivyo inakuwa 1 na Ndiyo inakuwa 2, ilhali madodoso mengi yamechapwa 1 kwa Ndiyo na 2 kwa Hapana. Ke inakuwa 1 na Me inakuwa 2. Kwenye tafiti za DHS, zile za kitaifa za demografia na afya, mwanamume ndiye 1 na mwanamke ndiye 2. Unganisha faili la wadadisi walioandika kwa maneno na faili la wenzao waliojaza misimbo, na wanaume wa faili moja watageuka wanawake bila ujumbe wowote mwekundu kutokea. Dodoso la maoni ndilo linalonichekesha zaidi: Nakubali 1, Nakubali kabisa 2, Sikubali 3, Sikubali kabisa 4, Sina uhakika 5. Anayesitasita ndiye mwenye msimamo mkali kuliko wote.

Hayo ni maneno. Zinazokula muda wangu hasa ni namba zilizosomwa kama maandishi.

Chukua bei ya gunia la mahindi. Mdadisi alikwenda sokoni akaandika 58000, 65000, 72000, 105000, na siku ambayo mahindi hayakuwepo akaandika "Haipo". Neno hilo moja linatosha kuifanya safu nzima iwe maandishi. Katika R ya kabla ya toleo 4.0.0, lililotoka Aprili 2020, read.csv ilikuwa inageuza maandishi kuwa fakta bila kuulizwa. Fakta kwa ndani ni namba za nafasi tu, 1, 2, 3 na kuendelea, zilizobandikwa majina kwa juu. Ukiita as.numeric unapata nafasi, si bei. Na kwa kuwa maandishi hupangwa herufi kwa herufi, 105000 inaanza na 1, kwa hiyo inakaa mbele ya 58000. Inakuwa 1, 58000 inakuwa 2, 65000 inakuwa 3, 72000 inakuwa 4, na Haipo inakuwa 5. Gunia ghali kuliko yote lina namba ndogo kuliko zote, na soko lisilo na mahindi ndilo la bei ya juu.

Hilo angalau linajianika lenyewe. Wastani wa bei ya gunia ukitoka 3, hata aliyekesha atashtuka. Balaa ni safu ambayo jibu la uongo linafanana na la kweli. Idadi ya watu katika kaya ni mfano wangu wa kila siku. Majibu ni 1 hadi 12, pamoja na "Hajui" moja au mbili. Kialfabeti yanapangika hivi: 1, 10, 11, 12, 2, 3, 4, na kadhalika. Kaya ya watu 10 inakuwa 2, ya watu 11 inakuwa 3, ya watu 12 inakuwa 4, na kaya ya mume na mke peke yao inakuwa 5. Wastani unaotoka unaingia akilini kabisa. Kijana mmoja alinibishia: "Lakini dada, cha chini ni 1 na cha juu ni 13, si ndiyo kaya zetu hizi?" Hiyo 13 ilikuwa ni Hajui.

Dawa yake katika R ni kupita kwenye maandishi kwanza:

as.numeric(as.character(kaya))

au, kwa njia ambayo mwongozo wa R wenyewe huisifu kwamba ina kasi kidogo zaidi:

as.numeric(levels(kaya))[kaya]

Zote mbili zitakuonya kwamba kuna NA, yaani nafasi zisizo na thamani, zimeingia. Onyo hilo ni rafiki, maana ndilo linalokuambia kulikuwa na neno mahali palipotakiwa namba. Nimeona skripti ambazo onyo limezimwa kwa suppressWarnings ili matokeo yaonekane nadhifu. Sina la kusema kuhusu unadhifu wa namna hiyo.

Kwa Stata amri inayofaa ni destring, inayogeuza namba za maandishi kuwa namba halisi, na maelezo ya encode yenyewe yanamkataza mtumiaji kuitumia kwa namba zilizohifadhiwa kama maandishi. Destring ikikutana na Hajui inagoma. Hapo watu huongeza force, chaguo la kulazimisha, na safari inaendelea. Mimi kwanza hutaka kuona kila kitakachopotea, kwa sababu ndani ya kapu hilo hamna Hajui peke yake. Mna "sita" kwa maneno, mna "7 na mgeni", mna "O5" iliyoanza na herufi O. Hizo zote ni majibu halali ambayo mtu alitoa na mdadisi akayaandika kwa namna yake. Force inayafuta bila huruma. Na ukiiambia destring ipuuze nafasi kati ya tarakimu, swali la vyanzo vya maji lililoruhusu majibu mengi, lililohifadhiwa "1 3 4", linarudi likiwa mia moja thelathini na nne.

Wapo wanaoniambia haya ni ya kale, kwamba tangu 2020 R haitengenezi fakta hovyo. Kweli imepungua. Lakini ukisoma faili la SPSS, programu nyingine ya takwimu, kwa read.spss ya kifurushi cha foreign, usipoizuia inageuza lebo kuwa fakta. Elimu iliyokuwa na misimbo 0, 1, 2, 3, na 8 kwa asiyejulikana, ikishapita kwenye as.numeric inarudi 1, 2, 3, 4, 5. Kila mwenye elimu inayojulikana amepanda hatua moja, jambo ambalo modeli inaweza kulimeza, ila yule ambaye elimu yake haijulikani sasa ni 5, hatua moja tu juu ya mwenye chuo, kama vile ni ngazi halali. Kifurushi cha haven huacha misimbo ilivyo na kuweka lebo pembeni, kwa hiyo ndicho ninachowapa wanaoanza.

Mikoa ni somo jingine, na hapa kosa huwa la aina mbili zilizoshikana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania ina misimbo yake: Dodoma 01, Arusha 02, Kilimanjaro 03, Dar es Salaam 07, Iringa 11, hadi Songwe 26, kisha inaruka kwenda 51 hadi 55 kwa Zanzibar. Asiyeitumia akaacha alfabeti ifanye kazi anapata Arusha 1, Dar es Salaam 2, Dodoma 3, na wa nne ni yeyote aliyemo kwenye faili. Katika data za kabla ya 2012 wa nne ni Iringa. Katika data za baadaye ni Geita, kwa sababu mkoa huo ulianzishwa mwaka huo pamoja na Katavi, Njombe na Simiyu. Ukiyaunganisha mafaili hayo mawili kwa append, amri ya kubandika faili moja chini ya jingine, Stata inabaki na lebo za faili lililotangulia, na wachimbaji wa dhahabu wa Geita wanahamia Iringa. Kwa misimbo rasmi Iringa inabaki 11 na Geita ni 25, hata wakizaliwa mikoa mingine kumi.

Kosa la pili ni kuichukulia namba ya mkoa kama kipimo. Nimesoma rasimu iliyosema kwamba mkoa "ukiongezeka kwa moja" mavuno hupungua kwa kiasi fulani. Mkoa hauongezeki. Kwa misimbo ile, kutoka Dodoma hadi Arusha ni hatua moja na kutoka Songwe hadi Kaskazini Unguja ni hatua ishirini na tano, hesabu ambayo hata dereva wa basi hawezi kuielewa. Kenya nayo imezipa kaunti zake namba kutoka Mombasa 001 hadi Nairobi 047, na hakuna anayedhani Nairobi ni Mombasa mara arobaini na saba. Mikoa 31 inahitaji safu 30 za sifuri na moja, na mmoja unabaki nje wa kulinganishia. Ukiweka zote 31 pamoja na kiunga cha mwanzo (intercept) cha modeli, R itakuachia NA kwenye mmoja na Stata itaudondosha na kukuarifu. Get_dummies ya pandas, kifurushi cha lugha ya Python, hukupa zote mpaka umwambie drop_first.

Kuhusu huyo anayebaki nje, watu hawamfikirii kabisa. R humchukua wa kwanza kwenye mpangilio, kwa hiyo tasnifu nyingi zinalinganisha nchi nzima na Arusha, na mwandishi akiulizwa kwa nini Arusha hana jibu. Relevel katika R, au ib7.mkoa katika Stata kama unataka Dar es Salaam na umetumia misimbo rasmi, ni mstari mmoja wa kuandika. Uamuzi wake ndio mgumu.

Kazi iliyonifunza zaidi ya zote ilikuwa ya kulinganisha vijana waliomaliza kidato cha nne Tanzania na Kenya. Faili lilikuja likiwa na safu moja iliyoitwa "pointi". Kwetu Tanzania A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Huchukuliwa masomo saba bora, kwa hiyo jumla ni kuanzia 7 hadi 35, na mwenye 7 ndiye anayebebwa juu juu na wazazi. Daraja la kwanza linaishia 17, la pili 21, la tatu 25, la nne 33. Kenya, kwenye KCSE, mtihani wao wa kidato cha nne, A ni 12, A- ni 11, na kuteremka hadi E yenye 1. Herufi ile ile A, hapa ndiyo namba ndogo kuliko zote, kule ndiyo kubwa kuliko zote. Aliyeandaa faili alikuwa amezirundika pamoja, na modeli ilikuwa imeshatoa hukumu kuhusu mitaala miwili.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kugeuza upande mmoja, kuzidisha kwa hasi moja. Mwelekeo unapona, kipimo hakiponi. Kenya ina hatua kumi na mbili, sisi tuna tano. Kutoka B kwenda C kwetu si sawa na kutoka B kwenda C kwao, ambako katikati kuna B- na C+. Na hizo alama za kujumlisha na kutoa zina visa vyake: zikipangwa zenyewe, B tupu hutangulia B+ na B- kwenye mpangilio wa kawaida wa kompyuta, na kwa R mpangilio wa maandishi unategemea lugha iliyowekwa kwenye mashine, kwa hiyo skripti ile ile inaweza kutoa ngazi tofauti kwangu na kwako. Mwishoni tuliacha kulazimisha pointi zikae safu moja. Kila mwanafunzi tulimpa nafasi yake miongoni mwa wenzake wa nchi yake, kwa asilimia, tukalinganisha hizo. Swali la utafiti likawa jembamba kuliko mwenyewe alivyotaka, lakini lilikuwa linajibika.

Humo humo tukakuta Divisheni. Mtu aliiweka I kuwa 1, II kuwa 2, III kuwa 3, IV kuwa 4, na 0 akaiacha 0. Kila Mtanzania anajua ziro ni nini. Kompyuta haijui; ilimweka aliyefeli mbele ya mwenye Daraja la Kwanza.

Kuna majibu ambayo hayana namba iliyo sahihi na hakuna programu itakayokuokoa. "Sina uhakika" ni la namna hiyo. Ukiliweka 3, katikati ya Nakubali na Sikubali, unasema huyu mtu ana maoni ya wastani. Lakini mzee anayeulizwa kijijini kama anaridhika na huduma ya zahanati, mganga mfawidhi akiwa amesimama mlangoni, akisema hana uhakika amekujibu kitu kingine kabisa. Mimi huendesha mara mbili, likiwa 3 na likiwa halipo, na kama hitimisho linageuka basi hilo lenyewe naliandika. Msimamizi wa mwanafunzi mmoja hakupenda. Alitaka jedwali moja. Na 98 na 99 za "hajui" na "amekataa" lazima zitolewe kabla ya lolote, maana umri wa miaka 99 upo, na bibi wa miaka 99 nao wapo. Wa Python nao wajue kwamba cat.codes humpa asiyekuwepo -1, na kwamba factorize hugawa namba kwa kufuata nani ametokea kwanza kwenye faili, hivyo ukipanga upya mistari misimbo nayo inahama.

Ninachofanya mwenyewe ni kuandika ramani kwa mkono, hata kama ni ndefu:

ngazi <- c(Hajasoma = 0, Msingi = 1, Sekondari = 2, Chuo = 3)
elimu_n <- ngazi[as.character(elimu)]
table(elimu, elimu_n, useNA = "ifany")

Ile as.character ya katikati usiiache. Bila hiyo, kama elimu ni fakta, R itatumia nafasi badala ya majina na unarudi ulikotoka. Safu ya zamani haifutwi. Mstari wa tatu ndio ninaousoma kwa makini kuliko modeli yoyote, kwa sababu neno ambalo halimo kwenye ramani linaanguka kuwa NA na kujitokeza: "Sekondary", "msingi" kwa herufi ndogo, "Chuo " yenye nafasi mwishoni. Encode ingezipa kila moja namba yake na kusonga mbele.

Ramani hiyo ndiyo inayoleta mabishano, na mabishano ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda. Tulipoikalia ya elimu kwenye mradi mmoja wa wakulima, ilionekana rahisi: badala ya ngazi tuweke miaka. Darasa la saba 7, kidato cha nne 11, cha sita 13. Kisha zikaja dodoso za upande wa Kenya, ambako chini ya mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo), ulioanza 1985, kidato cha nne ni miaka 12, na wazee waliosoma kabla yake walipita saba, minne na miwili kama sisi. Yupo aliyejibu "la nne la mkoloni" na mdadisi akaandika 4, ingawa mzee huyo ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake mikataba ya ushirika. Yupo wa QT, ule mtihani wa maarifa wa watahiniwa binafsi. Na Veta, mafunzo ya ufundi stadi. Mmoja wetu aliiweka Veta kati ya Sekondari na Chuo, mwingine akasema ni chini ya Sekondari, na wote walikuwa na watu wao wa kuwatolea mfano, kwa sababu kuna aliyeingia Veta akitoka darasa la saba na kuna aliyeingia akiwa na cheti cha kidato cha nne. Namba moja haiwezi kuwabeba wote wawili.

Pwani tulikwama kwa madrasa. Mama mmoja alikuwa amesoma chuoni kwa shehe miaka mingi, anasoma na kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, anaweka hesabu za mkopo wa kikundi chake. Kwenye faili ni Hajasoma, 0, sawa na jirani yake asiyejua herufi yoyote. Tafiti nyingi huhesabu elimu ya mfumo rasmi tu, na ukitaka kulinganisha matokeo yako na yao inabidi ufanye hivyo hivyo. Kwa hiyo tuliiacha 0 kwenye safu hiyo, tukafungua safu ya pili ya kusoma na kuandika kwa hati yoyote, na ya pili ndiyo iliyoeleza nani anatunza daftari la mauzo.

Dodoso la msimu uliofuata likaongezwa swali, "Uliingia Veta ukitokea wapi?", lenye majibu matatu: darasa la saba, kidato cha nne, kwingineko. La madrasa bado tunavutana. Kiongozi wa mradi anataka iwe ndiyo au hapana, mimi nataka miaka.